Mtambo wa biogesi nyumbani: pima kinyesi na maji kabla ya kununua saruji

Mtambo wa biogesi ni mfugo mwingine wa kuongeza bandani. Unakula kila siku, unakunywa, na ukilishwa vibaya unaumwa tumbo. Vijidudu vinavyogeuza kinyesi kuwa gesi ya kupikia ndani yake ni wa ukoo mmoja na vile vilivyomo tumboni mwa ng'ombe: havitaki hewa, havitaki baridi, havitaki sabuni. Mitambo mingi iliyokufa Afrika Mashariki haikuuawa na fundi. Ilijengwa vizuri, ikawaka miezi sita, halafu ng'ombe mmoja akauzwa au bomba la maji likakauka, basi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia bandani. Saruji itafuata.

Hesabu ya kinyesi

Ng'ombe chotara wa maziwa anayefugwa ndani hutoa kati ya kilo 15 na 25 za kinyesi kibichi kwa siku. Wa kienyeji hutoa karibu kilo 10, na kama anashinda machungani, utakachookota zizini asubuhi ni kile cha usiku tu. Usikisie. Chukua ndoo na mizani, pima kila siku kwa siku saba, kisha fanyia hesabu siku iliyotoa kidogo kuliko zote, kwa sababu siku kama hizo zitakuwa nyingi kiangazi majani yakipungua.

Kilo moja ya kinyesi kibichi hutoa lita 30 hadi 40 za gesi. Jiko la plati moja hula lita 300 hadi 400 kwa saa. Kwa hiyo kilo 25 kwa siku ni lita 750 hadi 1,000, yaani saa mbili na nusu hivi za moto wa jiko moja. Chai ya asubuhi, ugali, mboga na maji ya kuoga mtoto vinaenea humo. Maharage makavu hayaenei: sufuria moja ikichemka saa mbili na nusu inakula gesi yote ya siku. Ama loweka maharage tangu jana yake, ama uyapike kwa kuni na gesi uiachie mengine. Anayekuahidi kwamba ng'ombe mmoja ataondoa kuni zote nyumbani hajawahi kupika makande.

Kwa kulinganisha na dukani, mita moja ya ujazo ya biogesi (lita 1,000) hufanya kazi ya karibu nusu kilo ya gesi ya mtungi. Mtambo unaotoa kiasi hicho kila siku unachukua nafasi ya mtungi wa kilo 6 kila baada ya wiki mbili hivi.

Maji yanahitajika sawa na kinyesi: kilo 25 kwa lita 25, kila siku, nje ya yale anayokunywa ng'ombe. Hapo ndipo wengi huteleza. Kama maji yanatoka kisimani kwa kichwa, jiulize nani atabeba ndoo ya ziada mwezi wa tisa. Mkojo wa ng'ombe unaweza kushika nafasi ya sehemu kubwa ya maji hayo, na unaongeza naitrojeni kwenye mbolea. Jenga sakafu ya banda kwa zege yenye mteremko na mfereji unaoelekea kwenye mtambo, mkojo ujiendee wenyewe.

Ukubwa

Chukua mchanganyiko wa siku (kinyesi na maji), zidisha kwa siku ambazo tope litakaa ndani, kisha ongeza nafasi ya gesi, ambayo ni kama asilimia 60 ya gesi ya siku nzima. Mfano: kilo 25 na lita 25 ni lita 50. Mara siku 60, lita 3,000. Gesi lita 900, nafasi yake karibu lita 550. Unapata mita za ujazo 3.5, jenga wa 4. Kwa kilo 50 za kinyesi kwa siku, wa 6 unatosha iwapo tope litakaa siku 48 hivi.

Siku hizo zinategemea joto. Pwani, ambako ardhi ina joto mwaka mzima, 40 hadi 45 zinatosha. Lushoto, Njombe au Limuru, weka 70 au zaidi, kwa kuwa vijidudu hupenda nyuzi 30 hadi 35, hufanya kazi polepole kwenye 20, na chini ya 15 hukaribia kulala kabisa.

Usijenge mkubwa "kwa ajili ya baadaye". Mtambo wa mita 9 unaolishwa na ng'ombe wawili una presha hafifu, moto wake ni wa kusikitisha, na saruji iliyozidi haikurudishii kitu. Akiongezeka ng'ombe, jenga wa pili.

Mahali

Karibu na banda kuliko jiko. Gesi inasafiri kwenye bomba bila kulalamika. Toroli la mavi linalalamika kila asubuhi. Mita 10 hadi 20 kutoka jikoni ni sawa. Kaa mbali na miti mikubwa, maana mizizi inapasua kuta, na mbali na kisima cha maji ya kunywa: mita 30 ni salama zaidi, na mtambo uwe upande wa chini wa mteremko. Pawe na jua. Mbele ya tundu la kutokea tope acha nafasi ya mashimo mawili ya mbolea. Watu husahau nafasi hii, na mwaka mmoja baadaye tope linatiririka kwa jirani.

Ujenzi

Tanzania ilianza na mitambo ya pipa la chuma linaloelea, iliyojengwa na SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, miaka ya 1970. Pipa linapanda gesi ikijaa na kushuka ikitumika, jambo zuri kwa macho, lakini chuma kinaoza kwa sababu ndani ya biogesi mna haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Miaka ya 1980, CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoko Arusha, pamoja na wataalamu wa Kijerumani walitengeneza kuba lisilosogea, la tofali na saruji, linalofukiwa ardhini. Umbo lake ni nusu tufe linalokaa juu ya pete ya msingi, na chini kidogo ya eneo la gesi kuna mahali palipoachwa dhaifu makusudi, ili ufa ukitokea ukomee hapo, usipande kwenye gesi. Huo ndio ukoo wa mitambo mingi ya kuba utakayoikuta nchini leo.

Kabla ya fundi kushika mwiko, pima mchanga. Jaza chupa ya plastiki ya lita moja kwa mchanga hadi nusu, ongeza maji hadi karibu na mdomo, tikisa dakika moja, iache imesimama saa chache. Mchanga unakaa chini na udongo laini unakaa juu yake kama krimu ya kahawia. Krimu hiyo ikizidi sehemu moja kwa ishirini ya urefu wote wa mashapo, mchanga huo uoshwe au urudishwe. Mchanga wenye udongo unatoa plasta inayoonekana nzuri siku ya kwanza na inayopitisha gesi siku ya mia.

Nusu tufe la mita 4 za ujazo lina nusu kipenyo cha ndani cha mita 1.24, la mita 6 lina 1.42. Chimba shimo, mwaga msingi wa zege, pigilia kigingi cha chuma katikati kabisa, na ufunge kwake kijiti chenye urefu wa nusu kipenyo hicho. Kila tofali linawekwa kwa kugusa ncha ya kijiti. Hakuna timazi, hakuna pima maji. Kijiti ndicho kinachokata maneno. Mchanganyiko wa kujengea ni kipimo kimoja cha saruji kwa vitatu vya mchanga. Safu za juu zinapoanza kulala, tofali hushikiliwa kwa ndoano yenye uzito hadi safu ijifunge. Bomba la kuingizia liwe la inchi 4 hadi 6, lisimame karibu wima, ili upite mti wa kuzibulia.

Vipimo vitatu havina mjadala:

1. Tundu la kumwagikia tope liwe chini kuliko mdomo wa bomba la gesi kileleni. Likiwa juu, tope litaingia kwenye bomba la gesi na utalizibua hadi uchoke.
2. Sakafu ya beseni la kuchanganyia iwe juu ya tundu hilo, angalau sentimita 15. Ikiwa chini, ulichomimina kitakurudia.
3. Chumba cha kutolea tope kiwe na ujazo sawa na nafasi ya gesi uliyohesabu. Gesi inapotengenezwa inasukuma tope kwenye chumba hicho, na uzito wa tope hilo ndio presha inayofikisha gesi jikoni. Kikiwa kidogo, tope linamwagika nje na gesi inakosa wa kuisukuma.

Sasa plasta ya ndani ya kuba, sehemu ambayo fundi wa nyumba za kawaida hukosea. Nyumba inataka ukuta ulionyooka. Kuba linataka ukuta usiopumua. Zinapigwa tabaka nyembamba tano hadi saba badala ya moja nene: niru ya saruji na maji kwa brashi, plasta ya kimoja kwa viwili na nusu, niru tena, plasta tena yenye dawa ya kuzuia maji, na kadhalika hadi niru ya mwisho. Kila tabaka lifuate kabla la chini yake halijakauka kabisa, na kazi ya kuba iishe siku moja au mbili, bila fundi kwenda msibani katikati. Kona ambapo bomba la gesi linatoboa kuba ndiyo mahali pa kwanza pa kuvuja; isuguliwe kwa vidole. Kisha mwagia maji asubuhi na jioni kwa siku saba.

Kipimo cha mvujo

Usimlipe fundi kiasi cha mwisho kabla ya kipimo hiki, na usikubali aanze kufukia kuba.

Fungua koki ya gesi, jaza mtambo maji hadi tundu la kutokea, acha siku nzima. Siku ya kwanza maji yatashuka, kwa kuwa plasta inakunywa. Jazia. Siku ya pili yakishuka zaidi ya sentimita mbili tatu, ukuta unavuja chini.

Halafu kipimo cha gesi. Toa maji kiasi, hadi chini ya eneo la gesi. Funga kwenye bomba la gesi mpira angavu uliopindwa kama herufi U, wenye maji yaliyotiwa rangi. Funga koki ya jikoni na uanze kumimina maji tena. Hewa iliyonaswa kileleni inabanwa na maji ya mpirani yanapanda upande mmoja. Weka alama kwa kalamu saa kumi na mbili asubuhi, rudi kusoma kesho yake saa ileile. Saa ni muhimu: jua la mchana linaitanua hewa na kukudanganya kwamba presha imepanda, na ukisoma jioni utadhani kuba limepona. Alama ikiwa imeshuka sana, paka maji ya sabuni kwenye viungo vyote vya bomba kwanza. Povu lisipotokea popote, kosa liko kwenye kuba, na dawa yake ni kukausha na kupiga plasta upya.

Bomba na jiko

Bomba la inchi nusu linatosha hadi mita 20 au 30. Zaidi ya hapo tumia robo tatu. Lizike sentimita 30, na lilale kwa mteremko wa angalau sentimita moja kwa kila mita, kuelekea kwenye mtego wa maji. Gesi inatoka mtamboni na unyevu mwingi. Ikipoa bombani unageuka maji, na maji yakituama kwenye bonde dogo la bomba, moto unaanza kucheza kama mtu mwenye kwikwi. Mtego ni kipande cha bomba kinachoshuka chini chenye koki. Fungua mara moja kwa wiki hadi maji yaishe, kisha funga.

Jiko la mtungi halifai kama lilivyo. Gesi ya mtungi aina ya propani inataka karibu hewa 24 kwa gesi moja ili iungue yote. Biogesi inataka kama 6 tu, maana humo methani ni asilimia 55 hadi 65 na iliyobaki kwa sehemu kubwa ni kaboni dioksidi isiyoungua. Tundu la pua ya jiko la mtungi halifiki hata milimeta moja. La biogesi huwa karibu milimeta mbili, kutegemea presha. Kununua jiko la biogesi ni nafuu kuliko kutoboatoboa. Moto mzuri ni wa bluu, umekaa kwenye matundu. Ukiwa wa njano na unatia masizi, ongeza hewa. Ukiruka na kuzimika, punguza hewa au bana koki. Jikoni pawe na matundu ya hewa juu ya ukuta, na ukisikia harufu ya yai viza bila moto, fungua madirisha kabla ya kugusa swichi yoyote.

Kulisha

Mtambo wa mita 4 unaanza na kama kilo 1,500 za kinyesi na lita 1,500 za maji. Ng'ombe wako peke yao watachukua miezi miwili kufikisha, kwa hiyo omba kwa majirani na ujaze ndani ya siku kumi. Ukipata madebe kadhaa ya tope kutoka mtambo unaofanya kazi, mimina, ni hamira. Gesi ya kwanza inatoka baada ya wiki moja hadi tatu na haiwaki, nyingi ni kaboni dioksidi. Iachie nje, mbali na moto, mara mbili tatu hadi ishike.

Baada ya hapo, kazi ya kila siku: asubuhi weka kinyesi kwenye beseni, ziba tundu kwa kizibo, mimina maji, koroga hadi uwe uji usio na mabonge. Toa majani, kamba, mawe. Uache uji juani hadi saa sita upate joto na mchanga ushuke chini, kisha chomoa kizibo na uzoe mchanga uliobaki. Kinyesi kilichokauka kinataka maji mara mbili yake. Cha kuhara kinataka kidogo sana. Uji mwepesi mno unatengana ndani: maji chini, ukoko mgumu juu.

Visiingie: maji ya kufulia, dawa ya kupe iliyotiririka kutoka kwa ng'ombe aliyenyunyiziwa, na kinyesi cha ng'ombe aliye kwenye antibiotiki hadi siku kadhaa baada ya dozi kwisha. Kinyesi cha kuku kina naitrojeni nyingi. Kidogo kinasaidia, kikizidi amonia inaua vijidudu.

Mambo yanapoharibika

Gesi imepungua ghafla na tope linanuka uchachu, kama togwa lililokaa siku nyingi: umelisha kupita kiasi, au umetia mabaki mengi ya chakula. Tumbo limejaa asidi. Acha kulisha wiki moja, tia maji ya majivu kidogo, kisha anza upya kwa nusu ya kipimo.

Gesi imepungua polepole, tope halina harufu yoyote: pima tena kinyesi. Mara nyingi kijana wa kazi anatia ndoo moja badala ya mbili.

Presha iko juu lakini jiko halipati kitu: maji bombani, au pua ya jiko imeziba.

Presha haipandi hata usiku jiko likiwa limezimwa: mvujo. Mitambo ya zamani yenye mfuniko kileleni uliozibwa kwa udongo wa mfinyanzi huvuja udongo ukikauka; weka maji juu yake daima. Mvujo usiachwe, maana methani ikitoroka inapasha joto angahewa takribani mara 28 ya uzito uleule wa kaboni dioksidi katika miaka 100. Mtambo unaovuja unaharibu kile ulichojengewa kulinda. Kwa sababu hiyohiyo, gesi ikizidi mahitaji, ichome, pasha maji ya kuoshea vyombo vya maziwa.

Tope linalotoka ni sawa na ulilotia, lita 50 kwa siku, na naitrojeni yake haipotei ndani ya mtambo. Inapotea juani. Likikaushwa wazi, amonia inaruka na unabaki na nyuzinyuzi. Funika shimo kwa majani ya migomba, lijaze kwa tabaka za masalia ya mahindi, au libebe bichi jioni hadi kwenye migomba na matete, kwenye mifereji midogo, na ulifukie. Matete hayo ndiyo chakula cha ng'ombe wa kesho.

Baada ya miaka kadhaa mchanga utakuwa umejaa chini na itabidi kuuchota. Hapo pana hatari kuliko kazi yote iliyotangulia. Ndani hakuna oksijeni ya kutosha, kuna kaboni dioksidi na haidrojeni salfaidi, na anayeingia huzimia kabla ya kupiga kelele. Anayeruka kumwokoa humfuata. Acha kulisha, maliza gesi yote, fungua koki na mifuniko, chota tope kwa ndoo na kamba ukiwa nje, acha wazi siku kadhaa, na uchote mchanga kwa chombo chenye mpini mrefu. Kama hauwezi kufikiwa ukiwa nje, ita mafundi wenye vifaa vya kupulizia hewa na kamba ya kifuani, watu wawili wakiishikilia juu.